Mapitio ya Urinetown: mchezo wa muziki wenye jina la mkojo, ukisomewa Mwanza

Kinachopitiwa hapa ni vitu viwili vinavyokwenda pamoja: kitabu chenye maandishi ya mchezo wa jukwaani wa Urinetown, kilichotolewa na Faber and Faber mwaka 2003, na rekodi ya nyimbo zake iliyotolewa na RCA Victor mwaka 2001. Hadithi na mazungumzo ni ya Greg Kotis, muziki ni wa Mark Hollmann, na maneno ya nyimbo wameyatunga wote wawili. Tunavipendekeza kwa kikundi cha sanaa, kwaya au darasa lolote la maigizo la kanda hii ya ziwa, tena kwa msisitizo. Sababu yetu kubwa ni ileile inayowafanya wengi wakiweke kitabu chini kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza: jina.

Jina maana yake ni mji wa mkojo, na hakuna namna ya kulipamba. Ukikutana nalo kwenye orodha ya michezo, unadhani ni vichekesho vya chooni vya kuwachekesha wanafunzi kwa dakika kumi. Sivyo. Limezaliwa na ukata. Katikati ya miaka ya 1990 Kotis alikuwa Ulaya na fedha za kuhesabu, akafika Paris, akakuta vyoo vya mitaani ni vya kulipia. Mtu asiye na fedha anaweza kuruka mlo, anaweza kutembea badala ya kupanda basi, lakini haja haimsubiri mpaka apate. Kutoka kwenye kero hiyo akalipanua swali: ingekuwaje kama vyoo vyote vya mji vingekuwa vya kulipia, vyote mikononi mwa kampuni moja, na anayejisaidia uchochoroni akamatwe kama mhalifu?

Mkazi wa Mwanza hahitaji kufafanuliwa swali hilo. Stendi na sokoni anaijua meza ndogo ya mlangoni, mtoza hela aliyekaa nyuma yake, vipande vya karatasi vilivyokatwa tayari, na bei: mia mbili, mahali pengine mia tatu, pengine jero. Maandishi ya rangi ukutani yanayokataza kukojoa na kutaja faini anayasoma kila siku. Asichokifanya ni kupiga hesabu ya maisha yote kwa bei hiyo, na mchezo huu unamlazimisha aipige. Familia ya watu sita, kila mmoja akienda mara nne kwa siku kwa shilingi 200, inalipa shilingi 4,800 kwa siku, yaani 144,000 kwa siku 30. Kwa msafiri aliyeteremka kwenye basi mia mbili inapita tu. Kwa asiye na choo kingine popote, jumla hiyo inaweza kuzidi kodi ya chumba anacholala.

Ndani ya mchezo ukame umedumu miaka 20. Vyoo vya majumbani vimepigwa marufuku, na vyoo vya umma vinamilikiwa na kampuni iitwayo Urine Good Company, chini ya tajiri Caldwell B. Cladwell. Kwa sikio la Kiingereza jina la kampuni linasikika kama mtu anakutuliza kwamba uko na watu wema. Maskini wanapanga foleni kwenye Choo Namba 9, kinachosimamiwa na mama mkali aitwaye Penelope Pennywise akisaidiwa na kijana Bobby Strong. Siku moja baba yake Bobby hana cha kulipa, anajisaidia barabarani, na polisi wanamchukua. Bei inapopandishwa, Bobby anafungua milango bure, anaongoza uasi, na katikati ya hayo anampenda Hope, binti wa Cladwell mwenyewe.

Wasomaji wengi huipokea ile marufuku ya vyoo vya nyumbani kama kioja cha jukwaani tu, wakati ina mantiki ya mabomba kabisa. Choo cha kuvuta chenye tangi lake hutumia kati ya lita 6 na 9 kila kinapovutwa, na choo cha kumwagia kwa kopo kinatosheka na lita 2 au 3. Ndoo ya lita 20 basi inahudumia cha kwanza mara mbili au tatu tu, na cha pili mara sita hadi kumi. Maji yakikatika siku kadhaa, kinachoishinda nyumba mapema kuliko kupika au kunywa ni choo. Mamlaka yenye maji machache ina sababu ya kweli ya kutaka watu wachangie vyoo, na anayeshika ufunguo wa choo kinachochangiwa amewashika watu wenyewe. Kwenye vilima vya Igogo na Mabatini mantiki hii inaonekana kwa macho: mawe yako juujuu, shimo la choo haliendi kina, maji lazima yasukumwe kupanda mlima, na wakati wote huo ziwa unaliona pale chini. Kotis hakuliwaza ziwa letu, lakini ameandika juu ya kitu ambacho mji wetu unakielewa vizuri kuliko miji mingi: maji kuwepo ni jambo moja, maji kukufikia ni jambo lingine.

Asiyetaka kujua mwisho wa hadithi aziruke aya tatu zinazofuata, na baadaye zile za upungufu wa kitabu na za jukwaani. Jina haliwezi kuelezwa bila kuufichua.

Urinetown inabadilika maana mara tatu. Mwanzoni ni tishio. Ni mahali wanakopelekwa wavunja sheria ya choo, hakuna aliyewahi kurudi, na hofu ya mahali pasipojulikana ndiyo inayowafanya watu walipe. Afisa Lockstock, ambaye ni polisi na pia msimulizi, anawakaribisha watazamaji Urinetown na papo hapo anafafanua kwamba anamaanisha mchezo. Mahali penyewe patakuja baadaye. Ni ufundi wa mtambaji anayekuwekea swali mlangoni ili usiondoke. Baadaye Bobby anakwenda kuzungumza na Cladwell, anakataa hongo, anahukumiwa kupelekwa Urinetown, na hapo ndipo inapofahamika kwamba hakuna mahali kama hapo. Polisi wanampandisha juu ya jengo na kumsukuma. Jina lililotawala mji mzima lilikuwa pazia la mauaji. Kwa kazi iliyojaa nyimbo za kuchangamsha, huo ni ugunduzi wa kutisha kweli, na ni hapo msomaji anapoacha kuliona jina kuwa la kipuuzi.

Maana ya tatu ndiyo nzito zaidi. Uasi unashinda, Cladwell anatupwa kutoka juu kama alivyowatupa wengine, na Hope anachukua madaraka. Vyoo vinakuwa bure kwa wote. Watu wanashangilia, maji yanatumika bila kipimo, yanachafuka, kisha yanakauka, na mji unakwisha. Ndipo wanapotambua kwamba Urinetown ni hapa walipo, na palikuwa hapa siku zote. Jina la mchezo likitamkwa haraka kwa Kiingereza linasikika kama mtu anakwambia kwamba umo mjini, na mwisho huu unalipa jina hilo haki yake yote. Neno la mwisho linalopigiwa kelele jukwaani ni jina la Malthus, mchumi wa Kiingereza aliyeandika mwaka 1798 kwamba watu huongezeka upesi kuliko chakula kinachowalisha.

Mwisho huu ndio tunaotarajia utapingwa sana hapa kwetu, na ndio unaofaa kujadiliwa zaidi. Mkazi wa Kirumba au Capri Point anatazama maji yasiyo na upande wa pili, kilomita za mraba zipatazo 68,800, na kuambiwa kwamba maji yana mwisho kunamkera. Lakini Ziwa Victoria halina kina kirefu, wastani ni kama meta 40. Sehemu kubwa ya maji yake huingia kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe na sehemu kubwa hutoka kwa mvuke, hivyo misimu michache ya mvua mbaya inatosha kulishusha. Mwaka 2006 lilikuwa limeshuka wazi, mwaka 2020 likapanda hadi kumeza fukwe na nyumba. Mchezo haumtetei Cladwell, kwa sababu alikusanya fedha bila kutafuta chanzo kipya cha maji na akaua. Unachokataa ni ile faraja kwamba mbaya akiondoka kila kitu kitatengemaa. Cladwell alikuwa mwizi, na hofu yake juu ya maji ilikuwa ya kweli. Michezo inayothubutu kuyashika yote mawili kwa pamoja ni michache.

Jina liliwagharimu watunzi. Kampuni nyingi za maonyesho ziliwakatalia, na nafasi yao ya kwanza ilikuwa tamasha la New York International Fringe Festival mwaka 1999, kwenye gereji iliyogeuzwa ukumbi. Mei 2001 mchezo ukaingia American Theatre for Actors, na tarehe 20 Septemba mwaka huohuo ukafunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, katika Henry Miller's Theatre, wiki moja nyuma ya ratiba kwa sababu ya mashambulizi ya Septemba 11. Ulionyeshwa mara 965 hadi Januari 2004. Mwaka 2002 ulipata tuzo tatu za Tony, zinazotolewa kwa michezo ya Broadway: ya maandishi, ya muziki pamoja na maneno ya nyimbo, na ya uongozaji wa John Rando. Watunzi hawakuuficha wasiwasi wao, wakauingiza ndani ya mazungumzo: Little Sally, msichana mdogo wa mtaani, anamweleza Lockstock waziwazi kwamba jina baya linaweza kuua mchezo.

Kwa kikundi kitakachotafsiri, swali la jina linarudi upya, na hapa tuna msimamo. Kulainisha ni kosa. Ukiandika "Mji wa Haja" au "Maliwatoni" umeondoa harufu, na umeondoa tishio pamoja nayo. Hakuna anayeogopa kupelekwa Maliwatoni. "Mji wa Mkojo" ni sahihi lakini unasikika kama maelezo kuliko mahali. Pendekezo letu ni "Mkojoni". Lina umbo la majina ya mitaa yetu, Mabatini, Mkuyuni, Mkolani, kiasi kwamba mtu akilisikia mara ya kwanza anaweza kuuliza liko upande gani wa mji, na huko ndiko hadithi inakotaka kumpeleka. Mzaha wa jina la kampuni utapotea, usihangaike kuutafutia mbadala wa herufi kwa herufi. Tunga jina jipya la kampuni lenye maneno ya kubembeleza. Hope anakuwa Tumaini bila kupoteza chochote. Lockstock na mwenzake Barrel wamepewa majina kutokana na msemo wa Kiingereza "lock, stock and barrel" wenye maana ya kila kitu bila kubakiza, basi wape polisi hao majina mawili yanayokamilishana kwa namna hiyo.

Rekodi tunaipa alama za juu kuliko kitabu. Waimbaji ni wale wa maonyesho ya mwanzo ya 2001, wakiwamo Hunter Foster kama Bobby, John Cullum kama Cladwell, Nancy Opel kama Pennywise na Spencer Kayden kama Little Sally. Hollmann amejifunza kutoka kwa Wajerumani wawili, mtunzi wa muziki Kurt Weill na mwandishi wa michezo Bertolt Brecht: muziki unakwenda kwa mwendo wa gwaride lililopinda, na nyimbo zinazungumza na msikilizaji uso kwa uso. Bendi nzima ni vyombo vitano tu: piano, ala za mbao za kupuliza, trombone, besi na ngoma. Hilo ni jambo la maana kwa kikundi cha Mwanza, kwa sababu bendi ya watu watano inalipika, na wapuliza trombone wanapatikana kwenye bendi za makanisa. Rekodi inapatikana kwenye huduma za kusikiliza muziki mtandaoni. Kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde inakula karibu MB 1 kwa dakika, hivyo ishushe mara moja badala ya kuirudia kwa bando kila siku.

Shida itakuja kwenye nota. Muziki umeandikwa kwa nota za mistari, na waimbaji wetu wengi wa kwaya wanasoma tonik solfa, yaani do, re, mi. Lazima mtu mmoja akae aihamishe kazi yote, na asiahidi kuimaliza upesi: nyimbo za mtindo wa Weill hubadili ufunguo katikati na zimejaa sauti za nusu, kwa hiyo "fe", "se" na "ta" zitakuwa nyingi kuliko ilivyo kwenye nyimbo za ibada, na kosa moja la ufunguo linavuruga sauti za tenori na besi kwa ukurasa mzima. Uanze na "Run, Freedom, Run!", ambao umeigwa kutoka muziki wa injili wa Marekani na una sehemu ya kuimbwa bila vyombo. Kwaya yoyote ya wastani ya hapa itaushika vizuri, na waimbaji wakishajiamini watauvumilia ugumu wa zilizobaki. Wimbo wa Pennywise kuhusu haja kuwa ni heshima ya kulipiwa unapanda juu sana kwa sauti ya kifua. Usimpe mwimbaji kwa sababu ni mchekeshaji, mpe kwa sababu anazifikia nota hizo bila kukaza koo.

Kitabu kina upungufu wa aina mbili. Kwanza, nusu ya vichekesho vyake ni dhihaka kwa michezo mingine ya Broadway, na msomaji asiyeijua hiyo anaona tu watu wakifanya mambo ya ajabu. Hapa mtafsiri ana ruhusa ya kimantiki ya kubadili kinachodhihakiwa: ukumbi wa Mwanza utaelewa zaidi mzaha juu ya mashindano ya Bagika na Bagalu kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma kule Bujora, ambako makundi mawili ya ngoma hushindania umati, kuliko mzaha juu ya bendera za waasi wa Paris kwenye mchezo wa Les Misérables. Pili, sehemu ya pili ya mchezo inakimbia. Kushinda kwa uasi, utawala wa Hope na kukauka kwa maji vimebanwa kwenye dakika chache za mwisho, na msimulizi anasimulia yale ambayo tungependa kuyaona. Maana ya tatu ya jina, iliyo bora kuliko zote, ndiyo iliyopewa nafasi ndogo kuliko zote. Hilo ndilo lalamiko letu kubwa.

Jukwaani, kinachoharibika mara nyingi ni foleni ya chooni. Waigizaji wanabana magoti, wanarukaruka, wanakunja nyuso, na watazamaji wanachoka kabla wimbo haujaisha. Mtu aliyebanwa kweli hasogei sana. Anasimama wima, anajibu kwa neno moja, anapumua juujuu, anautazama mlango. Watu 16 wakifanya hivyo kwa pamoja ukumbi unaanza kubanwa nao. Kuanguka kwa Bobby kusijaribiwe kwa kuruka kweli; zima taa ghafla, bendi inyamaze, kisha kimya cha sekunde tatu. Sauti ya kishindo ikiongezwa watu watacheka, na kicheko hapo kinaua maana ya pili ya jina.

Kununua kitabu hakukupi ruhusa ya kuonyesha, na vikundi vingi hukwama hapa. Kitabu hakina muziki. Haki za maonyesho ziko kwa Music Theatre International ya New York, ambako pia ndiko hukodishwa maandishi ya muziki kwa kila chombo. Kutafsiri ni ombi la pekee, halimo ndani ya ruhusa ya kuonyesha, kwa hiyo andika yote mawili kwenye barua moja, taja lugha, ukumbi, idadi ya viti, bei ya kiingilio na idadi ya maonyesho, na usianze mazoezi ya Kiswahili kabla ya jibu. Hapa nyumbani, mchezo wa kuonyeshwa hadharani unaguswa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na jina kama Mkojoni litaulizwa. Peleka maandishi yote pamoja na ukurasa mmoja unaoeleza zile maana tatu kabla ya kuchapa mabango. Jina likifika peke yake litasomwa kama matusi.

Kwa msomaji asiyetaka kuigiza, utaratibu unaofaa ni huu: soma sehemu ya kwanza yote, sikiliza nyimbo zake, kisha soma sehemu ya pili bila kugusa rekodi mpaka umalize. Majina ya nyimbo za sehemu ya pili yanafichua mambo, na wimbo wa mwisho, "I See a River", unasikika kama wa matumaini kamili kwa mtu asiyejua kinachotokea jukwaani wakati unaimbwa.